Somo Likieleweka Upesi Mno, Mwalimu Awe na Shaka

Waulize wanafunzi wa uuguzi, udaktari au famasia ni mwalimu gani anayefundisha vizuri, na mara nyingi watamtaja yule ambaye somo lake linaingia bila taabu. Slaidi zake zimepangika, mifano yake inachekesha, na kipindi kinakwisha kabla mtu hajapiga mwayo. Majuma machache baadaye mwanafunzi huyohuyo amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa anayehema kwa shida, na lile somo lililoingia bila taabu halionekani. Hajalisahau kabisa. Mtajie neno moja tu na ataruka: "Ee, hilo tulifundishwa!" Asichoweza ni kulifikia mwenyewe, bila kutajiwa, huku mgonjwa anamsubiri.

Pengo hilo kati ya somo kueleweka na somo kukaa ndilo linaloifanya kazi ya kutafakari ufundishaji katika fani za afya iwe ngumu kuliko inavyoonekana. Vyuo vingi siku hizi vinamtaka mkufunzi ajitafakari: ajaze fomu mwisho wa muhula, aandike aya mbili tatu kuhusu kilichokwenda vizuri na kinachohitaji kurekebishwa. Naye anaandika kwa moyo safi kwamba wanafunzi walifuatilia, walitikisa vichwa, na alipouliza kama kuna swali hakuna aliyenyoosha mkono. Yote ni kweli. Ila yote yanahusu saa ile moja ya darasani, na hayasemi lolote kuhusu usiku ambao mwanafunzi huyo atakuwa zamu na mwalimu hayupo.

Hisia inavyodanganya pande zote mbili

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika madarasa ya fizikia. Mada ilikuwa ileile na karatasi zilezile. Kundi moja lilisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari. Jingine lilihangaika kwanza na maswali kwa vikundi, ndipo likapewa ufafanuzi. Kwenye mtihani, waliohangaika walipata alama za juu zaidi. Lakini walipoulizwa wanahisi wamejifunza kiasi gani, mambo yaligeuka: waliosikiliza mhadhara ndio waliohisi wamejifunza zaidi.

Sababu si ngumu kuielewa. Mhadhara uliopangwa vizuri hupita masikioni kwa ulaini, na akili huuchukua ulaini huo kama dalili ya kujua. Kuhangaika na swali kunauma; mtu anakosea, anabishana na mwenzake, anaona aibu kidogo, na akili inayatafsiri maumivu hayo kama dalili ya kutojua. Mwalimu naye yumo katika mtego uleule. Darasa lililokaa kimya likimsikiliza humpa raha, na darasa lenye kelele na majibu ya nusunusu humwondoa akidhani siku imeharibika.

Huenda mtu akasema fizikia si tiba. Kweli, lakini ubongo unaojifunza ni uleule. Mwaka 2014 uchambuzi uliojumuisha tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati ulionyesha kwamba katika madarasa ya mihadhara waliofeli walikuwa karibu asilimia 34, na katika madarasa yanayomshughulisha mwanafunzi walikuwa karibu asilimia 22. Kama tofauti hiyo ingepatikana kati ya dawa mbili, hakuna kamati ya dawa ambayo ingeendelea kuiandika ile ya kwanza.

Hali hiyo inatia doa hata zile fomu ambazo wanafunzi humjazia mwalimu. Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2017, ulipitia tafiti nyingi na haukuona uhusiano wa maana kati ya alama anazopewa mwalimu na kiasi ambacho wanafunzi wake wamejifunza. Sisemi fomu zitupwe. Mwanafunzi ndiye shahidi bora wa mwalimu anayechelewa, anayetukana, au anayeruka nusu ya mtaala. Ila kumuuliza kama amejifunza ni sawa na kumuuliza kama ana presha bila kumfunga mashine mkononi.

Kumbukumbu inakopatikana

Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885, akijitumia mwenyewe kama mhusika wa majaribio, kwamba tunachojifunza huanza kutoroka haraka, na kwamba kukirudia kwa nafasi, yaani kwa kuachanisha muda, hupunguza utoro huo. Kilichoongezeka baadaye ni kuelewa kwamba namna ya kurudia ina uzito mkubwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine waliambiwa warudie kusoma, wengine wafunike karatasi na kuandika walichokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Juma moja baadaye walikuwa nyuma, tena kwa mbali.

Tazama ule mtego ulivyojirudia: ukipima papo hapo, njia dhaifu inashinda. Mkufunzi anayefanya kajaribio dakika kumi baada ya kufundisha atapata majibu matamu na atarudi ofisini ameridhika.

Mwaka huohuo wa 2006, Carol-Anne Moulton na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu madaktari 38 waliokuwa mwanzoni mwa mafunzo ya upasuaji, ambao walifundishwa kuunganisha mishipa midogo ya damu. Wote walipata vipindi vinne. Nusu walivimaliza kwa siku moja. Nusu walipata kimoja kila juma. Mwezi mmoja baada ya kipindi cha mwisho, waliofundishwa kwa nafasi walifanya kazi bora. Saa za mwalimu zilikuwa zilezile na vifaa vilevile. Kilichobadilika ni kalenda tu. Hata hivyo warsha za siku mbili, kuanzia asubuhi mpaka jioni, ndizo zinazopendwa na kila anayepanga mafunzo kazini, kwa sababu ukumbi unakodiwa mara moja na vyeti vinatolewa siku hiyohiyo.

Kuna jingine ambalo walimu wengi hulipinga wakilisikia mara ya kwanza: kuchanganya mada. Vitabu hupanga magonjwa ya moyo sura moja na ya mapafu sura nyingine, nasi tunafundisha hivyohivyo, kisha tunatoa mazoezi ya moyo baada ya sura ya moyo. Mwanafunzi anayejibu mazoezi hayo hana haja ya kujiuliza swali gumu kuliko yote katika tiba, yaani hili ni tatizo la aina gani. Sura imeshamjibia. Mgonjwa haji na sura. Utafiti wa mwaka 2003 kuhusu usomaji wa michoro ya umeme wa moyo, ile ya ECG, ulionyesha kwamba wanafunzi waliofanya mazoezi kwa michoro iliyochanganywa walitambua michoro mipya vizuri kuliko waliofanya fungu baada ya fungu.

Kwa mkufunzi wa kawaida, yote haya yanaweza kuanza bila bajeti. Dakika tano za kwanza za kipindi: maswali matatu, moja la juma lililopita, moja la mwezi uliopita, moja la somo la mwenzako. Kila mtu anaandika jibu, madaftari yamefungwa. Hakuna alama. Watanuna mwanzoni.

Kando ya kitanda

Ufundishaji wa wodini ndio moyo wa fani hizi. William Osler, daktari aliyewapeleka wanafunzi wodini katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani mwishoni mwa karne ya 19, aliutetea maisha yake yote. Lakini raundi ya wodi ina haraka yake, na haraka hiyo huzaa tabia moja inayoonekana kama ufundishaji. Mwanafunzi anaanza kueleza historia ya mgonjwa. Sentensi ya tatu haijaisha, mkufunzi ameshamkatiza: homa ilikuwa nyuzi ngapi? Wingi wa damu? Kisha mkufunzi anautaja ugonjwa, anataja dawa, anasimulia kisa kinachofanana, na wote wanasogea kitanda cha pili. Mgonjwa amehudumiwa vizuri. Mwanafunzi ametazama mtu mwingine akifikiri.

Mwaka 1992 walimu wa tiba ya familia nchini Marekani walichapisha utaratibu mfupi wa hatua tano kwa ajili ya mazingira hayahaya ya haraka. Chukua mfano wa mama aliyejifungua siku nane zilizopita, anayelalamika mguu wa kushoto umevimba na unauma. Mwanafunzi amemaliza kumweleza.

"Wewe unadhani ana nini?" anauliza mkufunzi.

"Labda… inaweza kuwa mambo mengi, mwalimu."

"Chagua moja."

"Maambukizi ya ngozi."

"Nini kimekupeleka huko? Na kama si hayo, kitu gani kingine kinaweza kuuvimbisha mguu mmoja tu?"

Mwanafunzi anataja wekundu na joto la ngozi. Ananyamaza. Kisha, polepole: "Damu kuganda kwenye mshipa?"

"Mama aliyejifungua karibuni akivimba mguu mmoja, damu iliyoganda ndiyo unayoifikiria kwanza mpaka kipimo kikukatalie. Umefanya jambo la maana kuipima miguu yote miwili kwa utepe na kulinganisha, usiache hilo. Ila hukumuuliza kama anahema kwa shida au kama kifua kinamuuma. Muulize sasa, nipo hapa."

Mazungumzo hayo hayafiki dakika tatu. Uzito wake uko katika swali la kwanza, lile la kumlazimisha mwanafunzi achague. Asiyechagua hawezi kukosea, na asiyeweza kukosea hana pa kusahihishiwa. Mkufunzi naye bila jibu hilo hajui mwanafunzi amekwama wapi: je, hajui dalili, au anazijua ila hakumhusisha mama huyu nazo? Matibabu ya matatizo hayo mawili ni tofauti. Angalia pia sifa na sahihisho zilivyotolewa. "Umefanya vizuri" peke yake ni adabu tu. "Umeipima miguu yote miwili" ni mrejesho, maana kesho ataweza kulirudia jambo lenyewe.

Mgonjwa, bila shaka, anasikia. Mkufunzi mwungwana anamwomba ruhusa kabla, anamtafsiria yanayosemwa kwa lugha anayoielewa, na mjadala wa kutisha anaupeleka nje ya pazia.

Mkono wa fundi

Usione vyaelea, vimeundwa. Taabu ni kwamba aliyeviunda zamani ameshasahau misumari aliipiga wapi. Muuguzi aliyeweka kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoingizwa mshipani kwa sindano, maelfu ya mara hawezi tena kuona hatua zake. Ukimwomba akufundishe atasema: funga kamba, safisha, ingiza, ukiona damu sukuma plastiki, fungua kamba. Mwanafunzi anafuata neno kwa neno. Damu inaonekana, anasukuma plastiki palepale, na ngozi inavimba: mshipa umepasuka. Katika maelezo yale hamkuwa na kitu ambacho mkono wa fundi hukifanya bila kumwambia, yaani baada ya kuona damu hulaza sindano kidogo na kuisogeza mbele milimita chache, ili ncha ya plastiki nayo iwe ndani ya mshipa, maana ncha ya chuma huitangulia. Ndipo plastiki inasukumwa huku chuma kimetulia.

Rodney Peyton, daktari wa upasuaji wa Uingereza, alieleza mwaka 1998 njia ya hatua nne ambayo leo hutumika sana katika kozi za dharura. Mwalimu anafanya kwa kasi ya kawaida bila kusema neno. Anarudia polepole akieleza kila hatua. Mara ya tatu mwanafunzi ndiye anayeeleza, na mwalimu anafanya yale tu aliyoambiwa. Mara ya nne mwanafunzi anafanya huku akieleza. Wengi wakibanwa na muda huruka hatua ya tatu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua ya kulindwa kuliko zote. Pale ndipo mwalimu anasimama na sindano imeinuliwa juu ya mkono wa mdoli, akisubiri aambiwe ailaze, na haambiwi. Kosa limegunduliwa kabla halijafika kwenye ngozi ya mtu.

Ugumu si ukali

Mpaka hapa mtu mkali anaweza kufurahi: basi tuwabane! Hapana. Ugumu unaofundisha unatoka kwenye kazi yenyewe, si kwenye hofu ya mwalimu. Kumwagia mwanafunzi maswali mbele ya wenzake na wagonjwa mpaka atetemeke kunamfundisha jambo moja kwa uhakika: kuficha asichokijua.

Mtafiti wa Marekani Amy Edmondson aliwahi kuchunguza timu za wauguzi wa hospitali katika miaka ya 1990, akitarajia kwamba timu zenye uongozi na ushirikiano mzuri zingekuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamjia kinyume: timu bora zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Alipochimba zaidi, maelezo yaliyopatikana ni kwamba watu wa timu hizo waliweza kusema. Kwenye timu nyingine makosa yalibaki mifukoni. Mkufunzi ambaye wodi yake haina maswali na haina makosa ana sababu ya kuingiwa na wasiwasi.

Na wanafunzi hujifunza hata pale ambapo hakuna anayefundisha. Mafunzo hayo waandishi wa elimu ya tiba huyaita mtaala uliofichika. Saa tatu asubuhi mhadhiri anafafanua usafi wa mikono kwa picha na takwimu. Saa tano anatoka kitanda hadi kitanda bila kugusa maji wala kitakasa mikono, na wanafunzi kumi nyuma yake wanaona. Kati ya masomo hayo mawili, la pili ndilo litakalokaa, kwa sababu limefundishwa na mtu ambaye wanataka kuwa kama yeye.

Niseme neno dogo kuhusu yale ambayo bado yanarudiwa kwenye semina za walimu. Ile piramidi inayodai kwamba tunakumbuka asilimia 10 ya tunachosoma na asilimia 90 ya tunachofanya haina utafiti nyuma yake. Namba hizo za mviringo zilipaswa kutushtua mapema. Na dai kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake, huyu wa kuona na yule wa kusikia, na kwamba afundishwe kwa mtindo huo, lilipitiwa na wanasaikolojia mwaka 2008 wakakosa ushahidi wa kutosha wa kulitetea. Sauti za moyo zinasikilizwa kwa masikio, hata kama mwanafunzi anajiita mtu wa kuona.

Kutafakari kwa kushika kitu mkononi

Donald Schön, aliyeandika sana miaka ya 1980 kuhusu namna wanataaluma wanavyofikiri kazini, alitofautisha tafakuri ya wakati wa tendo na ile ya baada ya tendo. Ya kwanza ni ya mkufunzi anayeona nyuso zimepotea na kubadili njia palepale. Ya pili ndiyo ya fomu za vyuo, na ndiyo inayohitaji kufungwa kwenye ushahidi, kwa sababu binadamu si hakimu mzuri wa nafsi yake. Mapitio ya mwaka 2006 kuhusu madaktari kujipima wenyewe yalionyesha kwamba makadirio yao mara nyingi hayalingani na vipimo vya nje, na kwamba wanaokosea zaidi ni wale wenye uwezo mdogo na wale wanaojiamini mno. Sioni kwa nini walimu wa madaktari wawe tofauti.

Tafakuri yenye manufaa basi huanza kabla ya kipindi, kwa sentensi moja iliyoandikwa: mwanafunzi atafanya nini ambacho leo hawezi, na nitakiona wapi. Hapo ngazi aliyoichora mtaalamu wa elimu ya tiba George Miller mwaka 1990 inasaidia: anajua, anajua namna, anaonyesha namna, anafanya. Maswali ya kuchagua hugusa ngazi za chini. Mtihani wa vituo, ambamo mwanafunzi huhama kituo hadi kituo akifanya kazi mbele ya msahihishaji, ule ambao Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, waliueleza mwaka 1975, hugusa ya tatu. Ya nne huonekana tu ukimtazama mtu kazini. Mkufunzi aliyefundisha kumpa mgonjwa habari mbaya, kisha akapima kwa maswali ya kuchagua, ametafakari ngazi ambayo hakufundisha.

Baada ya hapo ushahidi unakusanywa kwa vitu vidogo. Kikaratasi mwishoni: ni wapi bado pana giza? Maswali yaleyale baada ya majuma matatu, bila onyo. Mwenzako anayekaa nyuma ya darasa kwa nusu saa akihesabu tu dakika ulizoongea wewe na dakika walizoongea wao; namba hiyo huwashangaza wengi. Muuguzi wa wodi anayeulizwa, "Hawa wa awamu hii, wanakwama wapi?"

Kuna gharama, na utawala wa chuo uijue mapema. Mkufunzi anayeacha mhadhara laini na kuanza kuwahangaisha wanafunzi huenda akashuka kwenye fomu za muhula wa kwanza, na kama fomu hizo ndizo zinazoamua kupandishwa cheo, atarudi kwenye slaidi zake na hakuna wa kumlaumu. Wale watafiti wa Harvard walipendekeza wanafunzi waelezwe tangu mwanzo kwa nini wanafundishwa hivi. Njia rahisi ni kuwaonyesha wenyewe: juma la kwanza, nusu wasome ukurasa mara mbili, nusu wausome mara moja kisha wafunike na kuandika. Kila mmoja akadirie atakumbuka kiasi gani. Juma linalofuata, kabla ya kitu kingine chochote, wapeni karatasi tupu.